Ni Kama Mnavyoona

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma haya anivumilie. La tano nililianza, nikakaa wiki mbili, halafu baba akaona mbuzi wanahitaji mtu. Lakini kichwani nina lugha tatu: Kiha cha mama yangu, Kirundi cha majirani, na Kiswahili cha serikali. Ndizo zilizonikalisha kwenye lile benchi, katikati ya afisa na mtoto, siku lilipoulizwa swali kama wale ndugu wawili wabaki pamoja au watenganishwe. Mtoto alijibu. Mimi nikatafsiri, na nikatafsiri sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilitafsiri sawasawa.

Ngoja nianzie barabarani.

Nauza ndizi mbivu na mihogo ya kuchoma pale Makere, kwenye matuta, ambapo magari ya kambini lazima yapunguze mwendo. Ni mahali pazuri pa kuuzia na pazuri pa kuonea mambo. Mwaka 2012 niliyaona mabasi yakipita yakiwarudisha Warundi kwao, ile kambi nyingine ya hapa Kasulu ilipofungwa. Watu walikuwa wanalia madirishani kama wanaopelekwa ugenini, na kweli, watoto wao walizaliwa hapa, kwao ndiko kulikuwa ugeni. Nilirusha chane mbili za ndizi ndani ya basi moja. Mume wangu aliponiuliza zile ndizi ziko wapi nikamwambia zimeoza. Haya, hilo halihusu.

Miaka mitatu ikapita, ukaja mwaka wa uchaguzi, kwetu na kwao. Kwao ukaja na mambo yake. Mwezi wa tano nikaanza kuyaona mabasi tena, safari hii yanakuja. Wanawake wale wale, nywele zimeingia mvi, watoto wameongezeka au wamepungua.

Siku moja nikawa nabishana na mama mmoja wa Kirundi juu ya ndizi, yeye anasema ndizi zangu zimeliwa na inzi, mimi namwambia inzi wa Tanzania hawali vibaya, tunacheka wote wawili. Nyuma yangu gari lilikuwa limesimama. Akashuka binti wa ustawi wa jamii, mtu wa Lindi, ushungi kichwani na sweta juu yake, maana baridi ya kwetu ilikuwa inamtesa tangu apangiwe kazi huku. Akasema, "Shikamoo bibi. Kumbe unaongea nao?"

Nikamjibu, "Marahaba. Naongea nao hata wakinitukana."

Wiki ile ile nikawa mkalimani.

Tulifundishwa siku moja chini ya turubai, wakalimani saba. Mwalimu wetu alikuwa bwana mmoja wa mjini, sauti kama ya redio. Alisema mkalimani ni bomba. Maji yakiingia upande huu yatoke yale yale upande ule, bomba haliongezi chumvi. Usiongeze, usipunguze, usieleze. Nikaipenda sana ile habari ya bomba. Nikaipeleka nyumbani. Mume wangu alikuwa anapiga ugoro wake, akanitazama muda mrefu, akasema, "Wewe uwe bomba? Wewe ni mfereji uliobomoka." Alinijua, Mungu amrehemu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watoto waliofika bila wazazi. Kila mtoto alikuwa na fomu yake, wenyewe waliiita tathmini ya maslahi ya mtoto. Anaulizwa anaishi na nani, anakula na nani, analala wapi, akija nani anafurahi, akija nani anaogopa. Mwisho kabisa anaulizwa yeye mwenyewe anataka nini. Fomu inapelekwa kikaoni, kikao kinaamua mtoto akae wapi na nani. Lile swali la mwisho nililipenda na kulishangaa. Mimi nimefika umri huu, hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini halafu akachukua kalamu.

Wiki ya pili nikaharibu. Kulikuwa na mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, anajibu vizuri lakini macho yako kwenye vidole vya miguu. Dada wa ustawi akaandika kitu. Nikachungulia, maana kusoma nasoma, nikaona ameandika kwamba mtoto ana hofu. Nikasema, hapana mwanangu, huyu hana hofu, huyu amelelewa, kwetu mtoto hamwangalii mkubwa machoni. Nikaeleza. Nikaendelea kueleza, nikafika mpaka kwa binamu yangu mmoja aliyepigwa fimbo kwa kumkodolea macho mjomba wake siku ya msiba, na nilikuwa bado naendelea. Kumbe msimamizi wao amesimama nyuma yangu. Akaniambia mbele ya wenzangu wote, "Bibi, hapa si kilabuni. Tafsiri maneno."

Wenzangu wakacheka. Ikawa kila nikipita wananiuliza, bibi wa kilabuni, leo umetuletea hadithi gani. Mtu mzima kama mimi nikaona aibu. Dada wa ustawi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba nilichosema kilimsaidia, na ile sentensi aliifuta. Lakini aibu ilikuwa imeshaingia. Nikajiapiza moyoni: maneno mnataka, maneno mtapata.

Sasa watoto wenyewe.

Mkubwa alikuwa na miaka tisa au kumi. Mdogo alikuwa hajafika miaka miwili, wasichana wote. Wiki mbili za kwanza sikuwahi kumwona yule mdogo chini. Alikuwa mgongoni mwa dada yake kwenye kitenge cha kijani kilichopauka. Dada akichota maji, yuko mgongoni. Akipanga foleni ya mgao, yuko mgongoni. Akiitwa kwenye benchi letu alikuwa anakaa ukingoni kabisa, matako nusu, ili asimbane mtoto, na mikono yake ilikuwa nyuma muda wote imeshika yale makalio madogo. Mwili wake ulikuwa umeshajikunja. Ukimwona kwa mbali unasema ni kikongwe.

Habari yao alitueleza kidogo kidogo. Mama yao alitoka nao nyumbani, wakatembea mpaka kilima cha mwisho kabla ya mpaka. Hapo mama akasimama. Babu yao alikuwa amebaki nyuma, hatembei, na hakuna aliyekubali kumbeba. Mama akamfunga mdogo mgongoni mwa mkubwa, akamwambia, nenda na hawa watu, mnisubiri Kasulu, karibu na Makere, mimi nitakuja. Na mtoto usimshushe mgongoni isipokuwa kulala. Kisha akarudi.

Kwa nini Kasulu? Kwa sababu yule mama alikulia kwenye ile kambi iliyofungwa. Aliondoka kwenye yale mabasi ya 2012, pengine alinipita pale kwenye matuta. Kwake Tanzania yote ilikuwa ni mahali pamoja. Na binti mkubwa alizaliwa humo humo, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho cha salamu na cha kuhesabu, basi.

Jirani na hema lao kulikuwa na mama mwingine na mume wake. Huyu alifiwa na mtoto njiani, mtoto wa umri ule ule, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani siku ya kwanza nilipomwona. Sikumuuliza kitu, mwanamke haulizwi hilo. Alimwona yule mdogo anavyokonda, akamwomba dada yake, akamnyonyesha. Ikawa hivyo kila siku, mara tatu au nne. Zahanati ya kambi wana ule utepe wa kuzungusha mkono wa mtoto kupima kama amekonda. Mwezi wa sita utepe wa yule mdogo ulisimama kwenye nyekundu. Mwezi wa saba ukawa njano. Mwezi wa nane nikasikia umefika kijani, na dada wa ustawi akapiga makofi peke yake ndani ya hema kama mtu ambaye timu yake imefunga goli.

Wakati wa kunyonya, dada mkubwa alikuwa anasimama pembeni ameshika kitenge mkononi, anasubiri. Mtoto akimaliza anamchukua, anamfunga. Yule mama alikuwa anamwambia, mwache leo alale kwangu, upumzike mgongo. Yeye anajibu, "Mama amesema." Hasemi zaidi. Na yule mama hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Nilimwona anavyomwangalia mtoto. Macho ya mtu anayeangalia kitu chake kilichopotea kimerudi kwa mlango mwingine.

Mwezi wa kumi kambi ya kwetu ikawa imejaa, watu wanalala shuleni na makanisani. Ikafunguliwa kambi nyingine upande wa Kibondo, na majina yakaanza kusomwa ya watakaohamishwa kwa mabasi. Yule mama na mumewe wakasomwa.

Hapo ndipo jambo lilipokuja mezani. Mtoto aende na ziwa, au abaki na mgongo? Tulimuuliza mkubwa kama yeye pia angependa kwenda Kibondo, waende wote. Hilo alilikataa wazi, kwa kutikisa kichwa, maana mama alisema Kasulu. Basi likabaki la mdogo. Zahanati ilisema akiachishwa ghafla, na mvua hizo zinaanza, atarudi kwenye nyekundu. Msimamizi alisema mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa mama. Na dada wa ustawi alikuwa halali usingizi. Jioni moja alinifuata kwenye ndizi zangu, akakaa juu ya kreti, akavuta ushungi mdomoni kwa vumbi, akaniuliza, "Bibi, ingekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningemwambia. Nilikuwa na la kumwambia, lilikuwa limejaa mdomoni. Lakini nikaikumbuka ile siku ya kilabuni, na wale wenzangu walivyocheka, nikasema, "Mimi ni bomba, mwanangu. Bomba halina mawazo."

Akacheka kidogo, akadhani ni utani. Akanunua ndizi mbili akaondoka.

Kesho yake asubuhi tukakaa. Upepo ulikuwa mkali, makaratasi yamewekewa jiwe. Dada wa ustawi upande mmoja, mtoto upande mwingine na mdogo wake mgongoni, mimi kati. Na kwenye mkeka, hatua tatu tu, wamekaa yule mama na mume wake, kwa sababu wao ndio waliotakiwa kumchukua mtoto na walikuwa wanasubiri zamu yao kuulizwa. Nililiona lile kosa pale pale. Mtoto wa kwetu, na wa kwao ni yule yule, humuulizi jambo zito mbele ya watu wanaomtendea wema. Atasema nini? Atasema sitaki, mbele ya mtu aliyemnyonyeshea ndugu yake miezi mitano?

Nikafunga mdomo.

Maswali yakaenda. Anakula na nani, analala wapi. Mwisho dada wa ustawi akaweka kalamu chini, akainama, akasema kwa sauti ya upole kabisa, na mimi nikayapeleka kwa Kirundi kama yalivyo, kwamba tunafikiria mdogo wako aende Kibondo na huyu mama anayemnyonyesha, wewe unalionaje, wewe unataka nini.

Mtoto akampandisha mdogo wake kidogo mgongoni. Mikono iko nyuma. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimjue. Aliinua macho akaniangalia. Si dada wa ustawi, mimi. Akaniangalia machoni, mtoto wa miaka tisa aliyelelewa. Kisha akayashusha, akasema maneno matatu.

Nikasema kwa Kiswahili, "Anasema, ni kama mnavyoona."

"Hajaongeza kitu?"

"Hajaongeza."

Dada wa ustawi akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika.

Sasa niseme nilichopaswa kusema siku ile. Nilipokuwa na miaka minane alikuja kwetu shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa Kibondo. Hakuwa na binti. Wakakaa sebuleni na wageni wengine wawili, wakanywa pombe ya ndizi, kisha nikaitwa. Baba akaniuliza, shangazi yako anakutaka ukae naye, utakwenda? Nikaangalia chini nikasema, ni kama mnavyoona baba. Wageni wakasifu, mtoto gani huyu mwenye adabu. Asubuhi nikafungiwa nguo zangu mbili. Nilikaa Kibondo miaka miwili na miezi, nililia mpaka shangazi mwenyewe akachoka akanirudisha. Ndiyo maana shule nilichelewa, na ndiyo maana mbuzi walinikuta. Mtoto wa kwetu hana hapana ya kumwambia mkubwa. Hakufundishwa. Ana hiyo moja tu, ni kama mnavyoona, na ndani yake anaweka kila kitu, ndiyo na hapana na naomba msinifanyie hivi, na ni kazi ya mkubwa kufungua aone amewekewa nini.

Bibi yangu mzaa mama alijua kufungua. Yeye hakumuuliza mtoto mbele ya watu, na hakumuuliza akiwa ameketi mikono mitupu. Alikuwa anakupa maharage mabichi umenye, yeye anakaa nyuma yako, anasuka ukili wa mkeka. Anazungumza habari za kuku. Halafu katikati ya kuku anauliza. Ukijibu kwa adabu anarudi kwenye kuku, kesho anakupa maharage tena. Alikuwa na subira ya ajabu yule mwanamke, na meno manne tu. Niliporudi kutoka Kibondo ni yeye aliyenitoa lile neno, siku ya tatu ya maharage, kwamba sikutaka kwenda. Alisimama akaenda kumgombeza baba yangu, mtu mzima mwenye wake wawili, mpaka baba akatoka nyumbani.

Hayo yote nilikuwa nayo pale kwenye benchi. Ilikuwa ni kusema tu, mwanangu, hilo si jibu, waondoe hawa watu, nipe maharage na siku tatu. Asingenikatalia, yule binti wa Lindi. Asingenikatalia kamwe. Lakini niliona raha, nasema kweli tupu, niliona raha ndogo ya kijinga: walinitaka nitafsiri maneno, haya maneno hayo hapo.

Basi liliondoka siku ya nne. Mkubwa alimleta mdogo mwenyewe. Alimfungua taratibu, akampa yule mama kupitia mlangoni, akabaki na kitenge mkononi. Basi likaanza kutembea. Mtoto akaanza kulia, si kilio cha njaa, na mikono yake inatafuta kitu hewani. Dada akaelewa kabla yetu. Akakimbia pembeni ya basi, akakirusha kile kitenge dirishani. Kikaingia. Kilio hatukukisikia tena, basi lilikuwa limeshika mwendo.

Akarudi kwa miguu. Mgongo ulikuwa mtupu lakini ulikuwa bado umejikunja vile vile, na mikono iko nyuma.

Alipewa familia ya kumlea, watu wazuri, akaandikwa shule ya kambini. Kila mchana alikuwa anakuja kusimama kwenye matuta yangu kuangalia magari. Zamani nilikuwa nikimpa ndizi anapokea kwa mikono miwili. Sasa nikimpa ananiambia, "Nimeshiba, bibi." Hajashiba, namwona. Nilikuwa naiweka ndizi juu ya jiwe, jioni naikuta pale pale.

Mama yao alikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja.

Alishuka kwenye gari la mizigo, mvua inanyesha, miguu imevimba. Babu alifia njiani. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniuliza kambi iko upande gani siku hizi, kwa Kiswahili safi cha watu waliokulia hapa. Kabla sijajibu nikamwona binti yake nyuma yake, kwenye matuta. Mtoto alikimbia. Alikimbia kweli, halafu alipobakiza hatua mbili akasimama kama amegonga ukuta. Mama yake alikuwa amefungua mikono, lakini macho yalikuwa tayari yameshavuka bega la mtoto yanatafuta nyuma.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Wakubwa waliona aende Kibondo."

Mama akageuka akaniangalia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa niliyekuwepo.

Siku mbili baadaye tulikwenda Kibondo na gari la kazi, dada wa ustawi, mama wa wale watoto, na mimi niliyeomba kwenda ingawa hakukuwa na cha kutafsiri. Barabara ilikuwa tope jekundu tupu, tulikwama mara mbili. Yule mama alikuwa na furaha njia nzima, hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amebeba soksi ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Alituuliza meno yameshatoka mangapi.

Kwenye namba ya hema tuliyopewa tulikuta watu wengine. Majirani wakasema wale wameondoka wiki iliyopita, siku ya soko. Mume alibeba beseni, mke alimbeba mtoto mgongoni kwenye kitenge cha kijani, wakaaga kwamba wanakwenda kuuza mgao wao na kurudi. Kuna mtu aliwaona njia ya Nyabibuye, ile inayoelekea mpakani. Wengine wakasema wana ndugu huko Gwarama, wengine wakasema wamerudi kwao kabisa. Mtoto walikuwa wanamwita kwa jina jingine. Dada wa ustawi aliponinong'oneza lile jina nikalitambua, nilishalisikia kwa mama aliyemnyonyesha, ni la yule mtoto wao aliyefia njiani.

Mama yao hakupiga kelele. Alisimama na ule mfuko wa nailoni. Akamuuliza jirani, "Alikuwa amenenepa?"

"Alikuwa amenenepa, mama."

"Amenenepa mashavu?"

"Mashavu, na miguu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea salamu za mbali.

Fomu nyingine zikaandikwa, za kutafuta. Dada wa ustawi alikwenda Nyabibuye mara mbili na Gwarama mara moja, kwa pikipiki, kwenye mvua, na sweta lake. Barua zikaenda mpakani. Mpaka naandika haya mtoto hajapatikana. Sasa ni mkubwa, kama yupo. Hajui Kasulu. Ana mama, na huyo mama anampenda, sina shaka, na ukimwonyesha dada yake atajificha nyuma ya sketi.

Kazi ya bomba niliiacha. Hakuna aliyenifukuza.

Kabla mwaka haujaisha nilikwenda hemani kwao na fuko la maharage mabichi kutoka shambani kwangu. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Binti alikuwepo. Nikampa ungo, akakaa akaanza kumenya, na mimi nikazunguka nikakaa nyuma yake. Sikuwa na ukili, nikashika nyuzi za sweta kuukuu. Nikazungumza habari za kuku. Nina jogoo mmoja kipofu, ni hadithi ndefu, nikaieleza yote. Halafu nikamuuliza. Nikasema, siku ile kwenye benchi, mwanangu, ulitaka kusema nini?

Vidole havikusimama. Ganda, punje, ganda, punje.

"Nilisema, bibi."

"Ulisema ni kama mnavyoona."

"Ndiyo."

Akamenya mengine matatu manne.

"Ndiyo maana nilikuangalia wewe," akasema. "Yule dada si wa kwetu, asingesikia. Wewe ulisikia."

Nilisikia. Nilivuta fuko karibu nikashika maharage na mimi, tukamenya wote mpaka mama yake aliporudi na ndoo kichwani, akatukuta hivyo, akashukuru kwa maharage.